Hilux inavuma kuanzia 75 tangu ibadilishwe klachi: ni propela au tairi?

Pikapu_Githunguri

Wadau, naomba msaada wa mtu anayeijua propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya giaboksi nyuma) kwa undani. Gari ni Toyota Hilux kebini moja, 4x2, dizeli, gia tano za mkono, tairi za 195R14, propela ya vipande viwili yenye senta beringi (beringi inayoishikilia kwenye chesisi) katikati. Kazi yake ni kupeleka mboga soko la Marikiti, Nairobi, kwa hiyo hushuka na mzigo na kurudi tupu.

Shida iko hivi. Kwenye barabara ya Thika, kuanzia kilomita 75 kwa saa sakafu inaanza kuvuma. Nikifika 85 kioo cha ndani kinacheza hadi namba ya gari la nyuma haisomeki. Usukani umetulia tuli. Pili, nikiondoka na mzigo kwenye mlima, gari linatikisika chini ya kiti, du-du-du, mpaka nifike kama 35, halafu linatulia. Likiwa tupu mtikisiko huo ni mdogo sana.

Yote yalianza klachi ilipobadilishwa, giaboksi ilishushwa. Tairi zote nne zimefanyiwa balansi na hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja anataka ninunue krosi zote tatu (viungo vinavyoiruhusu propela kuzunguka ikiwa kwenye pembe) pamoja na senta beringi. Mwingine anasema propela ichomelewe vipande vya chuma vya kuisawazisha. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa?

FundiPropela

Ndugu, spea zingoje kwanza. Umeeleza mambo mawili, mvumo wa spidi na mtikisiko wa kuondoka, na kila moja linaweza kuwa na chanzo chake. Ila yote mawili yamekuja baada ya giaboksi kushushwa, na giaboksi haishuki bila propela kutolewa. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Piga hesabu kidogo. Tairi ya 195R14 ukiwa 80 huzunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ikiwa ya 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 tairi ikizunguka mara moja, propela huzunguka karibu mara 44 kwa sekunde. Kitu chenye uzito upande mmoja hupiga mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo tairi hutikisa polepole, mwili mzima unayumbishwa, na ukitulia unaweza karibu kuyahesabu mapigo. Propela haihesabiki. Ni mvumo, nyayo zinawasha sakafuni, kioo kinafifia. Krosi iliyokaa kwa pembe mbaya hupiga mara mbili kwa mzunguko, yaani kama 88 kwa sekunde kwa spidi hiyohiyo, na hapo unasikia sauti kuliko kuhisi mtikisiko.

Sasa majaribio, yote bila kufungua boliti. Tafuta kipande kilichonyooka na chenye nafasi, kwa mfano Southern Bypass asubuhi ya Jumapili. Fika 85, kisha weka nyutro na uache gari lijiendee. Usizime injini kamwe, breki na usukani vitakuwa vizito na usukani unaweza kujifunga. Mvumo ukibaki vilevile huku injini imetulia, injini na klachi zitoe kwenye orodha. Ukikatika papo hapo na kurudi unapokanyaga mafuta, fikiria pembe za krosi zinazobadilika propela inapovuta, au maunti (mipira ya kushikilia) ya injini na ya giaboksi. Halafu fika 85 kwa gia ya nne, kisha 85 kwa gia ya tano. Mvumo unaofuata spidi ya gari bila kujali gia uko nyuma ya giaboksi. Ukihamia spidi nyingine unapobadilisha gia, unafuata injini.

Kwa mtikisiko wa kuondoka, kuna swali moja tu ambalo ni muhimu kwa sababu klachi ni mpya: unaendelea baada ya mguu kutoka kabisa kwenye pedali? Klachi yenye mafuta, au iliyofungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini linaloshikwa na klachi) ambayo haikusawazishwa, hutikisa wakati inateleza tu. Ikishashika, kimya. Propela yenye pembe mbaya au senta beringi iliyolegea huendelea kupiga hata pedali ikiwa juu, mpaka gari lipate mwendo, na mzigo unaizidisha kwa sababu propela inasukuma kwa nguvu zaidi. Maelezo yako yanaelekea huko, lakini hakikisha.

Kwa jinsi usukani ulivyotulia, mimi tairi nimeziacha.

Makanika_Dagoretti

Nakubaliana na FundiPropela kwa mengi, ila tairi asiziache mapema hivyo. Tairi ya nyuma haigusi usukani. Mtikisiko wake hupanda kwa chesisi hadi kwenye kiti. Tena tairi iliyolika kwa mabaka manne hupiga mara nne kwa mzunguko, na kwa difu ya 4.1 hiyo iko karibu kabisa na spidi ya propela. Mtu akipima kwa simu atadhani ameikamata propela. Mashine ya balansi nayo haionyeshi tairi iliyopoteza duara, inaonyesha uzito tu. Kwa hiyo hamisha za nyuma ziende mbele. Mvumo ukihamia kwenye usukani, jibu limepatikana bila gharama yoyote. Wakati unazitoa, chungulia ndani ya rimu. Tope la barabara za mashambani hukauka pale na kuwa zito kuliko risasi za balansi.

Kuhusu kupima kwa simu, programu za kuonyesha mtetemo zinasaidia, lakini simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haiwezi kuona kitu kinachopita 50 kwa sekunde. Mpigo wa propela wa mara mbili kwa mzunguko hautaonekana, au utaonekana kwa namba ya uongo. Angalia kwanza simu yako inasoma mara ngapi.

Jaribio jingine ni la kupandisha ekseli ya nyuma. Zuia magurudumu ya mbele pande zote mbili. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe, si chini ya chesisi: ekseli ikining'inia pembe za krosi zinabadilika na gari litatetemeka kwa sababu ambayo barabarani haipo. Toa tairi, rudisha nati mbili au tatu kwa kila ngoma ya breki zikiwa zimegeuzwa ili ngoma isiruke. Mtu mmoja aingie ndani, apandishe gia taratibu mpaka spidi iliyokuwa inaleta mvumo, lakini asipite 80. Hakuna mtu kulala chini ya gari wala kusimama kando ya propela wakati huo. Mvumo ukiwepo bila tairi, basi tairi na rimu zimejitoa, na kilichobaki ni propela, flanji zake (sahani za kuiunganisha kwa boliti), ngoma za breki na hafu-shafti (shafti za kutoka difu hadi magurudumu).

Baadaye zima injini, weka nyutro, magurudumu yakiwa yamezuiwa, ndipo uingie chini na tochi. Osha propela kwanza. Tope lililoganda upande mmoja wa bomba linatosha kuivuruga balansi. Kisha tafuta haya: kovu jeupe mahali palipokuwa na kipande cha balansi kilichong'oka, bonde kwenye bomba, unga mwekundu wa kutu kwenye mdomo wa vikombe vya krosi (huo ni ushahidi kwamba sindano, yaani vyuma vyembamba vya beringi ndani yake, zimekauka), na mpira wa senta beringi uliochanika. Shika bomba kila upande wa krosi, zungusha mbele na nyuma kinyume cha mwenzake. Krosi nzima haina mchezo wowote unaoonekana kwa macho. Shika pia flanji ya difu, isukume juu na chini. Ikicheza, beringi za pinioni (gia ya difu inayozungushwa na propela) au nati yake ndiyo shida, na hata ukibadilisha krosi zote tatu hutapona.

La mwisho, na kwa kisa chako mimi ningeanza nalo: tazama yoki mbili (uma zenye masikio yanayoshika krosi) za kipande cha nyuma, ile iliyo karibu na senta beringi na ile iliyo karibu na difu. Masikio yake lazima yalale sambamba kabisa. Kipande hicho kina splaini (meno ya kuchomeka shafti moja ndani ya nyingine) inayoteleza. Kikichomolewa bila kuwekewa alama, ni rahisi kukirudisha kikiwa kimeruka jino moja au mawili.

Pikapu_Githunguri

Asanteni sana. Nimefanya yote hayo, haya ndiyo majibu.

Kwenye nyutro mvumo unabaki, umepungua kidogo tu. Gia ya nne na ya tano ni sawa, unaanza 75 ileile. Kutikisika kwa kuondoka kunaendelea baada ya pedali kuachiliwa. Tairi zimehamishwa, usukani bado umetulia. Juu ya stendi bila tairi, mvumo upo.

Chini ya gari nimeona mambo matatu. Yoki za kipande cha nyuma haziko sambamba, moja imegeuka kidogo, na hakuna alama ya zamani ninayoiona isipokuwa rangi nyeupe iliyofutika. Braketi ya senta beringi ina washa (pete bapa ya chuma) nene upande wa kushoto kati yake na chesisi, upande wa kulia hakuna kitu. Krosi ya nyuma haina mchezo, lakini nilipofungua boliti za flanji ya difu na kuigeuza kwa mkono, inakwama pale katikati, ukiisukuma inaruka kisha inakuwa laini.

Nirekebishe kipi kwanza? Na kwa nini yoki kugeuka kidogo hivyo kulete balaa yote hii?

FundiPropela

Umefanya kazi nzuri. Nashukuru kwa kunisahihisha, Makanika, la tairi ya nyuma ni kweli.

Sababu ni hii. Krosi inapofanya kazi kwa pembe, shafti inayosukuma huzunguka kwa mwendo sawa lakini inayosukumwa haifanyi hivyo: katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Pembe ikikua, tofauti inakua. Kipande cha nyuma kina krosi mbili ili ya pili ifute kosa la kwanza, na inafuta tu ikiwa yoki ziko sambamba na pembe zake mbili zinalingana. Jino moja la splaini likiruka, kosa la kwanza linakuja kwa wakati mmoja na la pili kwa wakati mwingine, halifutiki. Kinachobaki kinasukuma difu na senta beringi kwenda na kurudi.

Washa iliyokosekana inaongeza hapo. Senta beringi imepinda upande, mpira wake umevutwa, na kipande cha mbele hakijanyooka na giaboksi tena. Hiyo peke yake inatosha kuleta du-du-du ya kuondoka na mzigo. Washa hizo hazikuwekwa kiwandani kwa urembo, zinaweka beringi kwenye kimo chake.

Anza na splaini na washa, na usiguse kingine siku hiyo. Ukibadilisha kila kitu kwa mkupuo hutajua kilichoponya, na ukikosea kuunganisha kitu hutajua kilichoharibu.

Piga alama kwa rangi na tindo mahali yoki ilipo kwenye flanji ya difu kabla ya kushusha. Chomoa splaini, isafishe kwa dizeli, kausha. Laza kipande cha nyuma sakafuni penye usawa, yoki moja ikiegemea chini na masikio yake yakiwa yamelala, kisha weka pima maji juu ya yoki ya pili. Macho yanadanganya kwa jino moja. Pima maji haidanganyi. Ingiza splaini mpaka zote mbili zilale sawa, kisha piga alama mpya ya tindo, si ya rangi, ili fundi ajaye aione. Kabla ya kufunga, sukuma yoki ndani na nje: iteleze bila kukwama, na isicheze juu na chini.

Washa ya kulia iwe na unene uleule wa kushoto, pima kwa venia (kipimo cha unene na kipenyo). Funga boliti za braketi kwa mkono tu, sukuma gari mbele na nyuma kidogo ili beringi ijitafutie mahali, kisha kaza. Mpira usionekane umevutwa mbele wala nyuma, na braketi isimame wima dhidi ya shafti ukiitazama kutoka ubavuni.

Boliti za flanji zisome kichwani: 10.9 (daraja la uimara wa chuma). Ukikuta mtu ameweka za kawaida kutoka duka la vyuma, zitupe. Propela ikikatika mbele ukiwa 80 inaweza kuchimba lami na kuinua gari. Kwenye Hilux nyingi kitabu husema 74 Nm kwa boliti za flanji, lakini fuata kitabu cha modeli yako na utumie toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).

LethiKariobangi

Naongeza kuhusu yule fundi wa kuchomelea vipande. Usimruhusu kwa sasa. Kuchomelea chuma kwenye propela bila mashine ya balansi ni kubahatisha, na kuichomelea ikiwa bado kwenye gari ni kubaya zaidi: umeme unapita kwenye sindano za krosi na kwenye beringi za giaboksi unakwenda kutafuta ardhi, unaacha vishimo vidogo kwenye uso wa beringi. Shafti inaweza kutoka pale imebalansi lakini krosi zikaanza kulia baada ya muda.

Kazi ya karakana ya lethi (mashine ya kuzungusha na kuchonga chuma) huanza na unyoofu, si uzito. Shafti inawekwa kwenye lethi, dayo geji (saa ya kupima kupinda) inawekwa katikati ya bomba na karibu na kila ncha, inazungushwa kwa mkono. Viwanda vingi vya pikapu vinaweka kikomo kati ya 0.6 na 0.8 mm. Ikipita hapo, hakuna uzito utakaoiponya kwa spidi zote, kwa sababu bomba lililopinda linazidi kupinda linapozunguka. Hapo ni kunyoosha au kubadilisha bomba. Bomba jipya liwe la kipenyo na unene uleule, na lisirefushwe. Kila shafti ina spidi ambayo ikiifikia inaanza kupinda kama kamba ya kuruka, na kadiri ilivyo ndefu na nyembamba ndivyo spidi hiyo inavyoshuka. Ndiyo maana pikapu ndefu zina vipande viwili. Wanaotoa senta beringi na kuunganisha bomba moja refu ili "kupunguza matatizo" wanayanunua makubwa zaidi.

Ukifika kwenye mashine ya balansi, peleka vipande vyote viwili vikiwa vimeunganishwa, pamoja na senta beringi na krosi mpya. Kubalansi kipande kimoja halafu kukifunga na kingine kisichopimwa hakusaidii.

Baada ya kurekebisha splaini na krosi, mvumo mdogo ukibaki, jaribu kwanza kugeuza flanji ya nyuma nusu mzunguko, yaani boliti zilezile lakini nyuzi 180. Kosa dogo la shafti na kosa dogo la flanji ya difu yanaweza kuwa yamekaa upande mmoja, ukigeuza yanapingana. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Isipoishia, tumia klipu mbili za hosipaipu. Gawa bomba karibu na krosi ya nyuma sehemu nne kwa chaki: 1, 2, 3, 4. Funga klipu moja, kichwa chake kikiwa kwenye 1, endesha au pandisha kwenye stendi, sikiliza. Hamisha kwenye 2, 3, 4. Mahali ambapo mvumo umepungua zaidi ndipo upande mwepesi ulipo. Ongeza klipu ya pili hapohapo. Ikizidisha, zitenganishe vichwa kidogo kidogo, mmoja kushoto mwingine kulia, mpaka mahali patulivu. Hakikisha hazigusi bomba la breki wala kebo ya hendibreki inapozunguka. Hiyo inakuonyesha uzito unahitajika wapi; ukishajua, peleka kwenye mashine uwekewe wa kudumu.

Spea_Grogan

Kwa krosi inayokwama katikati, hiyo imekwisha hata kama haina mchezo. Sindano zimechimba mifereji kwenye vidole vya krosi, na kwa kuwa gari hukaa muda mwingi kwenye pembe moja, mifereji iko pale pale katikati. Badilisha.

Usije Kirinyaga Road (mtaa wa maduka ya spea, Nairobi) na jina la gari pekee. Njoo na krosi yenyewe, au na vipimo viwili vya venia: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka uso wa kikombe hadi uso wa kikombe cha mkabala. Modeli moja inaweza kuwa na saizi mbili kulingana na mwaka na injini. Dukani fungua kikombe kimoja kabla ya kulipa. Sindano ziwe zimejaa duara bila pengo, mpira wa muhuri uwe laini, kidole cha krosi kisiwe na alama ya kutu wala mikwaruzo ya kisagio. Uliza kama ina nipo (tundu la kupampia) ya grisi au imefungwa. Kwa barabara zenu zenye vumbi na matope, yenye nipo inakufaa.

Kufunga ndiko kunakoharibu krosi nyingi mpya. Shika yoki kwenye vaisi, kamwe usishike bomba. Toa saklipu (pete zinazozuia vikombe visitoke) zote nne, safisha mifereji yake kwa brashi ya waya. Sukuma kikombe kwa vaisi ukitumia soketi mbili, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kukipokea upande wa pili. Nyundo juu ya masikio ya yoki huyafungua, na sikio likifunguka kikombe kipya kitazunguka ndani yake. Jaribu kwa mkono: kikombe kipya kikiingia kwa kidole bila kusukumwa, yoki hiyo imekwisha.

Wakati wa kuingiza, inua krosi iingie ndani ya kikombe kabla hujasukuma, ili izishike sindano zikae wima. Sindano moja ikianguka na kulala chini ya kikombe, kikombe hakitafika mwisho na saklipu itakataa kuingia kwenye mfereji wake. Watu hapo huongeza nguvu. Usiongeze. Toa kikombe, panga sindano upya kwa grisi nzito, rudia.

Saklipu za kushoto na kulia ziwe na unene mmoja. Zipo za unene tofauti kwa sababu hii: krosi lazima ikae katikati kabisa ya yoki, na mchezo wa kwenda na kurudi ubaki chini ya 0.05 mm. Ukiweka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, shafti nzima inazunguka nje ya katikati yake na umejitengenezea mvumo mpya. Ukimaliza, gonga masikio ya yoki kidogo kwa nyundo ya mpira ili vikombe virudi nyuma viegemee saklipu. Krosi iende pande zote kwa ugumu mdogo ulio sawa, bila kuruka mahali.

Grisi iwe ya lithiamu EP namba 2. Pampu mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikikataa, geuza shafti na upampu tena. Usikiache, hicho ndicho kitakachokufa kwanza.

Pikapu_Githunguri

Splaini imerudishwa sambamba kwa pima maji, washa mbili zinalingana. Du-du-du ya kuondoka gari likiwa tupu imekwisha kabisa, na mvumo wa 85 umeshuka sana. Krosi ya nyuma imebadilishwa na sasa kioo kimetulia, namba ya gari la nyuma inasomeka. Kilichobaki ni mtikisiko mdogo nikiondoka na mzigo kamili kwenye mlima. Niseme pia kwamba lifu (bapa la springi ya nyuma) moja iliongezwa kila upande zamani ili gari lisikae chini.

Makanika_Dagoretti

Hapo sasa ni pembe. Lifu iliyoongezwa inainua nyuma ya gari, na mara nyingi inaugeuza pia uso wa difu. Mafundi wengi huangalia kama gari limekaa juu tu, hawapimi pembe baada ya kuongeza.

Pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, kwanza tupu, kisha na mzigo wako wa kawaida. Kipimo cha pembe cha simu kinatosha ukikiegemeza kwenye uso uliosafishwa. Soma nyuzi za flanji ya giaboksi, bomba la mbele, bomba la nyuma na flanji ya difu. Pembe ya kila krosi ni tofauti kati ya vipande viwili vinavyokutana pale. Krosi ya mbele iwe ndogo, kati ya nusu na nyuzi moja na nusu. Krosi mbili za kipande cha nyuma zilingane, tofauti isizidi nyuzi moja, na kila moja ibaki chini ya nyuzi 3 ikiwezekana. Isiwe sifuri kabisa, sindano zisipozunguka zitachimba palepale kama za krosi uliyotoa. Ukiondoka na mzigo lifu zinajikunja na pua ya difu inainuka, kwa hiyo pua iliyoinama kidogo ukipima gari limesimama si kosa.

Kabla ya kurekebisha pembe kagua maunti ya nyuma ya giaboksi, bushi za lifu na yu-boliti (boliti za umbo la U zinazofunga lifu kwenye ekseli). Maunti iliyolala inashusha mkia wa giaboksi, na yu-boliti zilizolegea zinaacha ekseli ijizungushe kwenye lifu unapokanyaga. Hivyo vikiwa sawa na pembe bado hazilingani, tumia kabari za chuma kati ya lifu na kiti cha ekseli, za nyuzi 2, pande zote mbili sawa. Lifu zikiwa juu ya ekseli, upande mnene ukikaa mbele pua ya difu inashuka. Zikiwa chini ya ekseli ni kinyume chake. Usitumie za alumini kwa gari la mzigo, hupondeka. Boliti ya kati ya lifu huenda ikahitaji kuwa ndefu zaidi, kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la kiti. Ukishafunga, pima pembe tena na mzigo kabla ya kuendesha, na urudi kukaza yu-boliti baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa limebeba.

Na ile flanji ya difu uliyofungua, boliti zake zikague hapohapo. Kwa njia za Githunguri mvua ikinyesha, krosi na splaini zipate grisi kila kilomita 5,000, na mara moja zaidi kila gari linapopita maji yanayofika kwenye ekseli.